Neno "Ngoma" na Nyimbo za Sale: Lugha, Uainishaji na Utambulisho wa Batemi wa Ngorongoro

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna nyimbo za Batemi (Wasonjo) wa tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro, zilivyoainishwa na kuachwa pembeni katika maandishi ya kitaaluma na katika siasa ya utamaduni ya Tanzania tangu miaka ya 1950. Inadai kwamba sababu mojawapo ni neno lenyewe tulilolitumia kuziita. Neno ngoma lina historia yake katika Kiswahili, na lilipofanywa kuwa jina la kiserikali la sanaa zote za asili liliweka mbele chombo na mwili unaocheza, likayasukuma nyuma maneno yanayoimbwa. Kwa jamii ndogo ambayo utambulisho wake umesimama juu ya lugha, kusukumwa huko kuna gharama. Makala inapitia maandishi kuhusu Hambageu, sera za taifa baada ya 1962, na mazoea yetu wenyewe ya kukusanya na kutafsiri fasihi simulizi.

1. Utangulizi: Jina Lililokosewa

Mwaka 2011 watu maelfu kwa maelfu kutoka kila pembe ya Tanzania na nchi jirani walikwenda Samunge kunywa kikombe cha dawa kwa Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ndefu katika barabara ya vumbi, na kwa miezi kadhaa ilikuwa vigumu kufungua gazeti au redio bila kukutana na habari hiyo. Hata hivyo, jina lililovuma halikuwa Samunge. Lilikuwa Loliondo, na mchungaji mwenyewe akawa "Babu wa Loliondo" hadi alipofariki Julai 2021. Loliondo ni tarafa nyingine. Wilaya ya Ngorongoro ina tarafa tatu, yaani Ngorongoro, Loliondo na Sale, na Samunge iko Sale, katika nchi ya Batemi.

Kwa mgonjwa aliyekuwa akitafuta uponyaji, kosa hilo halikuwa na uzito. Kwa mwanaisimu lina uzito, kwa sababu linarudia jambo lililotokea mara nyingi kwa watu hawa: kutambuliwa kwa jina la jirani. Jina "Sonjo" lenyewe si lao. Yaelezwa kuwa walipewa na Wamasai, kutokana na jina la aina ya mmea wa jamii ya kunde uliolimwa katika mashamba yao. Wao hujiita Batemi, na lugha yao ni Kitemi. Ajabu ya mwaka ule ni kwamba neno moja la Batemi lilipenya hadi kila nyumba nchini bila mtu kulitambua kuwa ni lao: mugariga, jina la mti uliochemshwa dawa. Wamasai huuita olamuriaki. Vyombo vya habari vilichukua neno la Kitemi pamoja na kiambishi chake mu-, wala havikulifupisha kuwa "mgariga" kama sauti za Kiswahili zingetaka. Naamini ndilo neno la Kitemi lililotamkwa na watu wengi zaidi katika historia ya lugha hiyo. Lilitamkwa na watu waliodhani wako kwa Wamasai.

Ninaanza na kisa hiki kwa sababu swali la makala ni swali la majina. Tunaposema kwamba muziki wa asili hubeba utambulisho wa jamii, kauli ambayo husikika katika kila hotuba ya ufunguzi wa tamasha, tunamaanisha nini hasa kinachobebwa? Na tunapoviweka vitu hivyo ndani ya neno moja la Kiswahili, nini kinaingia na nini kinabaki mlangoni?

2. Batemi na Majirani Zao

Kitemi ni lugha ya Kibantu. Guthrie aliipa alama E46, katika kundi lenye Kikuria (E43), Kizanaki (E44) na Kinata (E45). Ndugu zake wa karibu wako magharibi, ng'ambo ya mbuga ya Serengeti, katika mkoa wa Mara. Huku iliko, imezungukwa na Kimaa. Nurse na Rottland, katika uchunguzi walioutoa mwanzoni mwa miaka ya 1990, walionyesha kwamba msamiati wa Kitemi una matabaka ya maneno yaliyotoka katika lugha za Kikushi cha Kusini na za Kiniloti. Matabaka hayo ni ushahidi wa karne nyingi za kukaa pamoja na watu wengine, wengi wao wakiwa wameshaondoka au kumezwa. Watafiti hao waliunganisha pia swali la Kitemi na swali la Engaruka, magofu ya kilimo cha umwagiliaji yaliyo chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, ambayo wakazi wake waliyahama yapata karne ya 18. Kama walikuwa mababu wa Batemi au la ni mjadala ambao wanaakiolojia, akiwemo Sutton, wameuendesha kwa muda mrefu, nami siuingii hapa.

Jambo lililo wazi ni kwamba Batemi wameishi kwa maji ya mifereji. Robert F. Gray, aliyefanya utafiti wake miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake juu ya Wasonjo mwaka 1963, alieleza vijiji vilivyozungushiwa maboma ya miti na baraza la wazee wa kurithi waliogawa zamu za maji. Aliwaita wenamiji. Sikio la Mswahili husikia hapo kitu kinachokaribia "wenye miji". Huenda ukaribu huo umeongezwa kidogo na tahajia, maana jina la watu hawa lina ba- mahali ambapo Gray ameandika we-. Kazi za Adams, Potkanski na Sutton za miaka ya 1990 zilikuta mfumo huo wa maji ungali hai, ingawa umepita katika misukosuko ya Operesheni Vijiji na ongezeko la watu.

Kwa macho, kijana wa Kitemi hapo zamani hakuwa rahisi kumtofautisha na Mmasai. Mavazi yalifanana, silaha zilifanana, na mpangilio wa marika ulifanana. Mgeni aliyepita bila kusimama aliona Wamasai tu. Ilimbidi asimame na kusikiliza ndipo atambue kwamba yuko kwa watu wengine. Hoja hii ni nyepesi kuisema, lakini ina matokeo mazito kwa mada yetu. Katika nchi ambamo sanaa za asili zimeonyeshwa zaidi kwa macho, jamii ambayo tofauti yake imo katika sauti na maneno huwa imeanza mchezo ikiwa imeshafungwa bao.

3. Hambageu bila Nyimbo Zake

Fasihi ya Batemi iliingia katika maandishi kupitia mtu mmoja wa masimulizi: Hambageu. Katika miaka ya 1950 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala tatu juu yake, za Fosbrooke, Simenauer na Finch. Fosbrooke ndiye aliyekuja kuwa mhifadhi wa Ngorongoro miaka ya 1960. Gray naye aliandika juu ya Hambageu katika kitabu chake, kisha katika insha ya mwaka 1965 iliyolinganisha masimulizi hayo na ya Kikristo. Ulinganisho huo haukuwa wa kulazimisha. Hambageu alizaliwa kwa namna ya ajabu, akatenda miujiza, akakataliwa na watu, akafa, na kaburi lake lilipofunguliwa mwili haukuwemo. Atarudi siku ya mwisho kuwaokoa wake. Si ajabu kwamba wasomi wa Ulaya walivutwa.

Ukisoma makala hizo kwa jicho la mtu wa fasihi simulizi, jambo la kwanza unaloliona ni kwamba zote zinatoa kisa. Zinatoa kisa kilichonyooshwa, chenye mwanzo na mwisho, katika nathari ya Kiingereza. Lakini ibada ya Hambageu haikuwa kisa kinachosimuliwa jioni kwenye moto. Ilikuwa na sikukuu yake kuu, Mase, iliyokwenda kijiji kwa kijiji, na sikukuu hiyo ilikuwa ya kuimba na kucheza. Aliyetaka kumjua Hambageu alimjua katika wimbo, mwakani kwa mwakani, akiwa amesimama mahali pake katika rika lake. Watafiti walieleza kwamba nyimbo zilikuwepo. Walieleza mpangilio wa siku na nafasi za watu. Kilichokuja kusomwa na kunukuliwa na wengine baadaye ni kisa peke yake, kwa kuwa kisa kinasafiri vizuri katika tafsiri.

Sitaki kuwalaumu kupita kiasi. Gray alikuwa mwanaanthropolojia wa wakati wake, na maswali yake yalikuwa ya ndoa, mahari, maji na mamlaka. Aliyajibu kwa uangalifu ambao wengi wetu hatujaufikia. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa kutenganisha kisa na wimbo ulifanywa mapema, na sisi tuliofuata tuliurithi kana kwamba ni mgawanyo wa asili. Hata jina la mhusika linabeba alama ya safari hiyo. Limeandikwa Hambageu, Khambageu na Ghambageu. Tofauti hizo zinatokana na konsonanti ya nyuma ya kinywa ambayo kila mwandishi aliisikia kwa lugha yake. Kama jina moja la mtu mmoja limekosa tahajia ya kudumu kwa miaka sabini, msomaji anaweza kukisia hali ya mistari ya wimbo.

4. Historia ya Neno

Mame-Bantu ilikuwa na mzizi *-gòmà wa chombo cha kupigwa, na karibu kila mzungumzaji wa lugha ya Kibantu anautambua. Ilikuwa pia na mizizi ya kitenzi cha kuimba, ambacho kwetu ni imba, na ya kucheza, *-bín-, ambao Kiswahili hakikuuhifadhi katika matumizi ya kawaida lakini Kisukuma kinao katika mbina. Kwa Msukuma, mbina ni uchezaji, na jina hilo halitegemei chombo. Kiswahili kilifuata njia nyingine: jina la chombo lilipanuka likawa jina la tukio zima. Ngoma hupigwa, huchezwa, huimbwa, huendewa. Mwari huchezwa ngoma. Pepo naye ana ngoma yake. Mpanuko huu una mantiki kabisa mahali ulipotokea. Pwani na mrima, chombo ndicho kilichoita watu, na mdundo ndio uliomtambulisha mwenye shughuli. Kitabu cha Ranger cha 1975 juu ya beni kinaonyesha namna neno hilo lilivyoweza kubeba hata vyama vya mashindano vilivyoiga bendi za kijeshi, vikaenea kutoka miji ya pwani hadi bara.

Tatizo linaanza neno linapopanda mlima. Katika wilaya za Ngorongoro na Karatu jamii kadhaa zina sanaa ambazo kiini chake si chombo. Wamasai hawapigi ngoma. Kimaa kina neno osinkolio kwa wimbo na uchezaji kwa pamoja, na anayeongoza ni olaranyani, mwenye kuanzisha ambaye kundi humjibu na kumbebea sauti za chini. Chombo chao kinachojulikana, pembe ya tandala, hutoa ishara. Wairaqw wa Karatu wana slufay, maombi na baraka zinazotamkwa na mzee huku hadhira ikimwitikia, na Thornton aliweka mfano mrefu wake katika kitabu cha 1980. Slufay ni nini kwa Kiswahili? Si wimbo, si hotuba, si sala ya kawaida, na hakika si ngoma. Wahadza wa bonde la Eyasi wana epeme, ambayo huchezwa gizani, usiku usio na mbalamwezi. Nimewahi kuona epeme imewekwa katika orodha ya "ngoma za asili" zilizo tayari kwa maonyesho ya mchana. Aliyeandaa orodha hiyo hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na jedwali lenye safu ya "jina la ngoma" na ilimpasa aijaze.

Batemi wamo katika jedwali hilo hilo. Wakiorodheshwa, huorodheshwa kwa "ngoma ya Wasonjo", maneno matatu ambayo la kwanza limetoka pwani, la tatu limetoka kwa Wamasai, na la kati ni kiunganishi.

5. Taifa Linatafuta Ngoma

Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza kama Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba waliosoma walijifunza dansi za Kizungu na hawakujua za kwao, akataja kwa majina baadhi ya ngoma walizozisahau, zikiwemo gombe sugu, nyang'umumi, kiduo na lelemama. Hotuba hiyo imenukuliwa katika karibu kila tasnifu ya utamaduni iliyoandikwa nchini, na inastahili. Kwa mkoloni, sanaa hizi zilikuwa kelele za washenzi. Mwalimu alizifanya kuwa mali ya taifa. Ila nadhani tumesoma orodha ile kwa haraka. Orodha huunda mfano. Aliyekuja baadaye kutafuta sanaa ya kila kabila alitafuta kitu kinachofanana na vile vilivyotajwa: chenye jina lake, mdundo wake, na uchezaji unaoweza kufundishwa kwa mtu asiyejua lugha.

Kikundi cha Taifa cha Ngoma kilichoundwa miaka ya mwanzo ya uhuru kilifanya hivyo hasa. Vijana kutoka makabila mbalimbali walifundishwa ngoma za mikoa mbalimbali na kuzionyesha ndani na nje ya nchi. Lange na Askew wameeleza namna ngoma zilivyofupishwa na kupangwa upya ili zifae jukwaa. Kikundi kilipovunjwa, kazi yake iliendelezwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Baraza la Sanaa la Taifa likaundwa kwa sheria ya 1984. Taasisi hizi ziliwapa wasanii heshima na riziki. Bila Bagamoyo dunia isingemjua Hukwe Zawose (1938–2003), ambaye aliichukua ilimba na uimbaji wa Wagogo hadi katika majukwaa ya Ulaya bila kuuondolea Ugogo wake.

Mfano wa Zawose, hata hivyo, ni wa kipekee, nao wafaa kuangaliwa kwa karibu. Wagogo ni watu wengi. Nchi yao iko katikati ya reli na barabara, kisha ikawa makao makuu ya taifa. Na uimbaji wao wa sauti nyingi ulifuatana na ala zinazoweza kubebwa, kuonekana na kupigwa picha. Mtu aliyekuwa hajui neno la Kigogo aliona ilimba na zeze, akajua anaangalia nini. Mwimbaji wa Sale angeshika nini mkononi?

Kuna upande mwingine wa historia hii ambao hatuusemi katika makongamano. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati taifa likikusanya ngoma, serikali iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache rubega na kuvaa suruali. Schneider ameiandikia makala nzuri. Utamaduni ulikuwa mali ukiwa jukwaani na aibu ukiwa barabarani. Kwa jamii za kaskazini ambazo sanaa yao haikutenganishwa na rika, mavazi na maboma, jukwaa lilichukua kidogo sana na barabara ilikataa kilichosalia.

6. Ushairi Uliotafsiriwa

Sisi wa Kiswahili tuna sehemu yetu. Makala ya Mulokozi ya 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, iliyotoka katika Mulika, ndiyo iliyotufundisha kuacha kuziona tanzu kama maandishi yasiyoandikwa na kuanza kuzitazama katika muktadha na utendaji. Mgawanyo wake wa mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi ungali unatumika madarasani, na nimeufundisha kwa miaka mingi. Lakini tazama kilichotokea. Ngoma kama chombo chenye ujumbe imepewa utanzu wake kamili, ngomezi. Sauti ya mwanadamu haina utanzu. Imegawanywa, nyimbo zikienda katika ushairi na sala zikienda katika mazungumzo. Kwa fasihi ya Kiswahili mgawanyo huu hauna madhara makubwa. Kwa Mase, ambamo kisa, wimbo, sala na mwendo wa watu ni kitendo kimoja, mgawanyo unarudia kwa Kiswahili kile ambacho makala za miaka ya 1950 zilifanya kwa Kiingereza.

Kisha kuna tafsiri. Mwanafunzi anayekusanya nyimbo za jamii yake kwa ajili ya shahada ya umahiri huandika tasnifu kwa Kiswahili. Huweka wimbo kwa lugha ya jamii katika safu ya kushoto, tafsiri ya Kiswahili kulia, halafu uchambuzi wote wa maudhui, taswira na hata mtindo hufanywa juu ya safu ya kulia. Safu ya kushoto hubaki kama risiti. Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia, ambaye si wa Sale, aliniletea sura nzima isiyokuwa na safu ya kushoto kabisa. Nilipomwomba rekodi alinieleza kwamba alizifuta kwa kuwa simu ilijaa. Hakuona tatizo: maana si ilikuwa imeshapatikana? Nilikasirika, kisha nikakumbuka kwamba mwongozo tuliompa haukudai chochote zaidi ya "maudhui na fani".

Hasara yake katika Kitemi ni ya kiisimu kabla ya kuwa ya kisanaa. Lugha za kundi lake ni lugha za toni, na Kiswahili si lugha ya toni. Katika lugha ya toni, melodi ya wimbo na melodi ya usemi hupatana, hugombana na kupeana njia. Mtunzi stadi hutumia nafasi hiyo, na msikilizaji mwenyeji huisikia. Ukiandika maneno kwa hati ya Kiswahili bila alama za toni umeshapoteza nusu ya mapatano hayo. Ukiyatafsiri umepoteza yote. Kinyume chake kimefanyika makanisani. Howard Olson, aliyefundisha Makumira, alikusanya melodi za makabila na kuzitia maneno ya Kiswahili katika Tumshangilie Mungu, kitabu ambacho Walutheri wengi wamekilelewa. Padre Stephen Mbunga kwa upande wa Wakatoliki alitetea muziki wa Kibantu katika ibada tangu 1963. Hatua hizi zilikuwa za ujasiri. Vizazi vilivyofundishwa kuamini kwamba Mungu anasikia tenzi za Kijerumani tu vilipata kuimba kwa sauti za nyumbani. Lakini melodi iliyozaliwa na toni za lugha moja, ikipewa maneno ya lugha isiyo na toni, inakuwa kitu kipya. Ni kizuri, na si cha jamii ile tena. Tasnifu huhifadhi maneno bila melodi, kanisa huhifadhi melodi bila maneno. Baina ya hizo mbili wimbo wenyewe hauonekani.

7. Sauti Hewani na Idhini

Sera ya Utamaduni ya 1997 inazitambua lugha za jamii kuwa hazina. Kanuni za utangazaji, kwa upande wao, zimeelekeza vituo vitangaze kwa Kiswahili au Kiingereza. Nafahamu sababu zake, na mimi niliyeishi kwa mshahara wa Kiswahili sina haki ya kujifanya sizielewi. Matokeo yake hayakukusudiwa, nayo yanagusa mada hii moja kwa moja: wimbo umekuwa karibu njia pekee ambayo lugha ya jamii inaweza kusikika redioni. Mtangazaji hawezi kusoma habari kwa Kitemi, lakini anaweza kupiga wimbo wa Kitemi wa dakika sita na asiulizwe. Wimbo huo basi unafanya kazi ambayo katika nchi nyingine ingefanywa na habari, tamthilia na matangazo ya mbegu. Kwa lugha yenye wazungumzaji wachache, ambao watoto wao husoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza na hukua wakisikia Kimaa minadani, dakika sita hizo si burudani tu.

Papo hapo lazima tujiulize nani aidhinishe rekodi. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda sanaa za jadi, na inaweka mamlaka ya kuruhusu matumizi yake ya kibiashara katika ngazi ya taifa. Mkataba wa UNESCO wa 2003 juu ya urithi usioshikika, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2011, mwaka ule ule wa kikombe, unasisitiza ushiriki wa jamii yenyewe. Mambo haya mawili hayajakutanishwa vizuri. Afisa utamaduni wa wilaya anaweza kuidhinisha kikundi kiimbe mbele ya Mwenge. Lakini ni wazee wa kijiji fulani wanaojua kama wimbo ule ni wa msimu huo, au ni wa watu fulani, au haufai kusikiwa na asiyefanyiwa jando. Nyimbo za kazi, za harusi na za vijana zinaweza kurekodiwa leo bila kumkwaza mtu. Nyimbo za Mase ni suala jingine, nami ningependelea zipotee midomoni mwa wenyewe, kwa uamuzi wao, kuliko zihifadhiwe katika maktaba ya chuo kikuu bila wao kujua. Baadhi ya wenzangu katika idara hawakubaliani nami hapa. Wanasema lugha ikifa hakutakuwa na mwenyewe wa kuombwa ruhusa. Sina jibu la kuwanyamazisha, ila naona kwamba hoja hiyo hutolewa na wale walio na vinasa sauti.

Yapo mambo ambayo yako ndani ya uwezo wetu bila kungoja sera. Tasnifu yoyote ya nyimbo za jamii ingeweza kutakiwa iwasilishwe pamoja na rekodi, toni zikiwa zimetiwa alama, na uchambuzi wa fani ukifanywa juu ya safu ya kushoto. Nakala ya kwanza ingerudi kijijini, katika simu za watu ikibidi, kwa kuwa huko ndiko itakakosikilizwa. Katika fomu ya kukusanyia data, pale palipoandikwa "jina la ngoma", pangeandikwa swali tu: wenyewe wanakiitaje? Kwa Kiraqw jibu litakuwa slufay, kwa Kimaa osinkolio, kwa Kihadza epeme. Jibu la Sale liandikwe na Mtemi, kwa tahajia ambayo Batemi wenyewe watakuwa wamekaa na kukubaliana, wakianza na konsonanti ya kwanza ya jina la Hambageu.